Pazia la Kivuli Halijafungwa kwa Ajili ya Kimbunga

"Mlituuzia pazia bovu." Maneno haya tumeambiwa tena wiki iliyopita na mteja aliyekuta zipu za pazia la mota la baraza lake (zile zinazoshikilia kingo za kitambaa ndani ya reli za pembeni) zimechomoka pande zote mbili, reli ya kushoto imepinda na fito ya chini, ile inayonyoosha kitambaa, imelala bustanini. Alitaka tumbadilishie bure. Tulipomuuliza pazia lilikuwa wapi kimbunga kilipopiga, akasema alilishusha nusu ili viti visilowe.

Si yeye wa kwanza, na inatuuma sisi mafundi wa mapazia kuitwa matapeli kwa kazi tuliyoifanya kwa uangalifu. Basi tueleze.

Mapazia ya mota ni ya aina mbili, ingawa kwa mbali yanafanana. Lile la kivuli na wadudu ni kitambaa chepesi cha wavu. Dhoruba ikija, linapandishwa lote hadi fito iingie kwenye kasha la juu. Lile la kimbunga ni kitambaa kizito zaidi, reli zake ni nene na zimekazwa kwa boliti ndefu, fito yake ina pini za kuifungia sakafuni, na lina karatasi ya vipimo inayoonyesha limejaribiwa kwa upepo wa nguvu gani. Hili linashushwa hadi chini kabisa na kufungwa. La nusu halipo, kwa aina yoyote. Kama hujui lako ni lipi, tuulize, usikisie kwa kulipapasa.

Upepo huanza kuitwa kimbunga ukifika kilomita 119 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kila mita ya mraba inayoukabili husukumwa kwa uzito wa karibu kilo 68. Chukua pazia la mita 4 kwa 2.5 lisilopitisha upepo: ni zaidi ya nusu tani. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Wavu hupitisha sehemu ya upepo, lakini kinachobaki kinatosha kung'oa zipu. Nahodha hatweki tanga akiona dhoruba inakuja, na pazia ni tanga.

Njia ya mkato inayotusikitisha zaidi ni kamba. Mteja mmoja alifunga fito kwenye nguzo kwa kamba ya nailoni, akaamini ameshamaliza. Alisahau kwamba pazia lake lina kihisi cha upepo. Upepo ulipopanda, kihisi kikaamuru mota ipandishe, kamba ikazuia, na kitambaa kikachanika kutoka kwenye bomba la juu linalokikunja. Hata mwenye pazia la kimbunga azime kihisi hicho akishafunga pini, kisha azime sakiti breka (swichi ya kukatia umeme) ya mota, maana umeme ukirudi kwa kishindo huweza kuunguza mota.

Mwingine alipaka reli grisi ya gari. Grisi hunasa mchanga, na mchanga ukishanasa unasugua zipu kama msasa. Reli husafishwa kwa maji yasiyo na chumvi na brashi laini, zikikauka zinapuliziwa silikoni kavu. Basi.

Mota nayo ina mipaka. Nyingi za aina ya bomba, zinazokaa ndani ya bomba la pazia, hufanya kazi dakika 4 hivi mfululizo, kisha hujizima zenyewe kwa sababu ya joto. Mtu akipandisha na kushusha mara nyingi kwa wasiwasi, mota ikinyamaza anadhani imekufa, anavuta fito kwa mkono na kuvunja gia. Iache ipoe. Tafuta pia hendeli ya kuzungushia pazia kwa mkono kabla umeme haujakatika, na uhakikishe kwanza kwamba mota yako ina tundu lake, maana si zote zinalo. Tumewahi kukuta hendeli bado imo kwenye mfuko wa kiwandani juu ya kabati, huku pazia la kivuli limekwama chini na upepo umeshaanza.

Kuhusu bei ya ukaguzi: wapo wanaosema tunatoza kwa kupuliza silikoni tu. Tunakaza boliti moja moja, tunapima kama reli zimenyooka, tunarekebisha mahali mota inaposimama juu na chini, tunajaribu pini zote. Boliti moja iliyolegea tukiikuta mapema ni kazi ya dakika chache. Tukiikuta baada ya dhoruba, unanunua reli na kitambaa.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa onyo la kimbunga takriban saa 36 kabla ya upepo wa dhoruba kutarajiwa. Kwa saa hizo mafundi wetu hawawezi kufika kila nyumba. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza Juni 1. Tupigie kabla yake.

Yule mteja wa wiki iliyopita tutamtoza reli na kitambaa. Mota yake tuliifungua mbele yake, tukaisuuza chumvi na kuijaribu. Ni nzima, na kwa hiyo hatujamtoza kitu kwa mota.