Asante, mzee wa ovaroli ya kijani pale Voi

Nilikuwa natoka Mombasa na mke wangu, Toyota MR2 ya mwaka 1991 ikachemsha karibu na Voi. Gereji moja ilishanieleza kuwa gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imeungua, injini ifunguliwe. Bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Mzee alisimamisha pikapu yake bila kuitwa. Kwanza alitukataza kugusa kifuniko cha maji mpaka injini ipoe. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kiganja: nyeusi safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa kama oili iliyoingiwa na maji. "Gasketi bado nzima, nadhani," akasema. Akawasha, akapapasa mabomba. La kutoka kwenye injini lilikuwa linaunguza, la upande wa rejeta baridi. Gari hili injini iko nyuma na rejeta mbele, maji yanapita chini ya gari kwenye mabomba marefu, na hewa ikiingia humo inaziba njia. Alikuta klipu moja imelegea, pembeni yake alama ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Akaikaza. Akachomeka mpira mwembamba kwenye vali ya kutolea hewa pale rejeta, mke wangu akaushika wima, yeye akamimina maji taratibu kule nyuma mpaka mapovu yakaisha.

Pesa alikataa, soda alikubali, tena baada ya kubembelezwa. Mzee wangu, tulifika Nairobi mshale wa joto ukiwa katikati. Na nyinyi wenye magari, mkikuta mwenzenu kafungua boneti barabarani, simameni mumuulize kama ana maji.