Mwanangu, kuhusu wakubwa wasiouana

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Sote huku hatujambo, ila nyanyako magoti yanamsumbua, na dawa zile za Mombasa hazitaki. Bando lako lilikwisha tukiwa katikati ya maneno, na vidole vyangu kwenye kioo cha simu ni vizito, ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi hizi atakuletea binamu yako, anapanda basi la Mokowe kesho asubuhi.

Umesema kwenye mdahalo wenu umepewa upande wa kutetea kwamba nchi zikipigana, heri kumuua kiongozi wa adui mapema, watoto wa watu wasalimike. Mimi siuamini upande huo. Basi nitakupa hoja za kukupinga, maana ndizo utakazokutana nazo ukumbini.

Wataanza na Ukraine. Machi 2022, vita vikiwa vichanga kabisa, waziri mkuu wa Israeli wa wakati ule, Naftali Bennett, alikwenda Moscow kujaribu kusuluhisha. Mwaka uliofuata alisimulia kwa kinywa chake kwamba alimuuliza Putin kama ana nia ya kumuua Zelensky, akajibiwa hapana, na alipotoka tu akampigia Zelensky simu kumfikishia. Waukraine wenyewe wanasema rais wao amewindwa mara nyingi tu, ahadi au si ahadi. Lakini tazama jambo lenyewe: mabomu yanaanguka, na wakubwa wanaulizana kama nani atauawa na nani ataachwa.

Hilo si huruma. Vita huanzishwa na mwenye amri, na huzimwa na mwenye amri. Mwaka 1945 marubani wa Marekani waliokuwa wakiuchoma moto mji wa Tokyo waliagizwa wasililenge kasri la mfalme. Tarehe 15 Agosti Hirohito akasikika redioni, raia wake hawajapata kuisikia sauti yake kabla ya siku hiyo, akawaambia vita basi. Askari waliokwisha kujiandalia kufa wakaweka silaha chini. Angekuwa maiti, nani angewaamuru wakamsikia? Wala usidhani Wamarekani walikuwa wakiwaonea haya wakubwa wa Japani. Walipozifumbua simu za siri wakajua Admirali Yamamoto atapita wapi na saa ngapi, walimvizia tarehe 18 Aprili 1943, wakaiangusha ndege yake Bougainville. Yamamoto alikuwa kichwa cha vita vya baharini, ndiye aliyepanga shambulio la Pearl Harbor. Ila hakuwa mtu ambaye siku ya mwisho ungemhitaji aseme “basi”.

Kisha kuna lile la zimwi likujualo. Waingereza mwaka 1944 walikuwa na mpango walioupa jina Foxley, wa kumpiga Hitler risasi kule milimani Bavaria, njiani anapotembea kwenda kwenye nyumba yake ya chai. Walikwisha kuchunguza walinzi, njia na mazoea yake. Hawakuutekeleza, na baadhi ya waliopinga walikuwa maofisa wao wenyewe. Walisema: mtu huyu anawaharibia majenerali wake vita kila siku, tukimwondoa atashika mwingine anayejua kazi. Tena Wajerumani watakaa wakisema tungeshinda, basi tu aliuawa. Hebu fikiria, adui mkubwa kuliko wote wa karne ile, na kuna watu London waliomwona ana faida zaidi akiwa hai.

Sasa hoja yako ya watoto wa watu. Reinhard Heydrich, mtawala wa Kijerumani mjini Prague, alishambuliwa Mei 1942 na vijana wawili waliofunzwa Uingereza, akafa siku chache baadaye. Wajerumani wakakigeukia kijiji cha Lidice, wakawapiga risasi wanaume 173 kwa siku moja, wanawake wakapelekwa kambini, nyumba zikabomolewa mpaka chini. Au njoo karibu na zama zako. Tarehe 3 Januari 2020 Marekani ilimuua Qasem Soleimani, jenerali wa Iran, nje ya uwanja wa ndege wa Baghdad. Siku tano baadaye Iran ikarusha makombora kwenye kambi waliyokuwamo Wamarekani huko Iraki, na asubuhi hiyohiyo walinzi wa anga wa Tehran, roho juu, wakaidungua ndege ya abiria ya Ukraine. Watu 176 walikuwamo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugomvi na mtu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, na marais wanalijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana Ford, rais wa Marekani, baada ya Baraza la Seneti kufichua mipango ya kumuua Castro na Lumumba, alitoa amri mwaka 1976 kuwakataza watumishi wa serikali yake mauaji ya kisiasa. Sheria ya The Hague ya 1907 nayo inakataza kumuua adui kwa khiana. Sheria hizi usizitegemee sana, zina milango mingi: kamanda aliyevaa sare vitani anapigwa, na anayeitwa gaidi hapati hifadhi hiyo.

Ila ningekuwa mpinzani wako, Ulaya nisingekaa sana. Ningerudi hapa pwani. Mwaka 1746 Imamu Ahmad bin Said wa Oman alichoka na liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, aliyekataa kumtambua. Akatuma watu, wakapokewa Ngomeni, ile Fort Jesus, kama wageni, wakamuua mwenyeji wao. Kazi imekwisha? Ndugu yake, Ali bin Uthman, akatoroka, akarudi na watu, akaitwaa Ngome, akawaua waliomuua nduguye. Wamazrui wakaendelea kuishika Mombasa kwa miaka 90 mingine, na sasa wana kisasi juu. Ilipofika 1837 Seyyid Said, mjukuu wa Imamu yule, hakulenga mtu mmoja tu. Aliwanasa wakubwa wa ukoo kwa hila, zaidi ya 20, akawapakia chomboni mpaka Bandar Abbas, Uajemi. Ukoo mzima ukakosa wa kusimama. Nayo ni khiana tupu, sikatai, lakini yeye alielewa kilichomshinda babu yake.

Na Fumo Liyongo je, uliyesimuliwa hujaota meno? Mfalme wa Pate alimwogopa, akamrubuni mwanawe mwenyewe amuulize babake siri ya mauti yake. Sindano ya shaba, kitovuni. (Mimi yangu sikwambii.) Akachomwa usingizini. Akaamka, akachukua uta wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umekaa tayari, akafa hivyohivyo. Watu wakimwona kwa mbali wanarudi na mitungi mitupu. Siku kadhaa mji haukuteka maji kwa kumwogopa maiti, mpaka alipoanguka. Na yule kijana, zawadi alizoahidiwa hakuzipata. Watoto wa hapa humlilia Liyongo, mimi tangu udogo nawafikiria wale wanawake wenye mitungi. Ugomvi wa ufalme haukuwa wao, kiu ikawa yao.

Pale Mkunguni, hapa Lamu, kuna mzee, bingwa wa dhumna, hili hataki kulisikia. “Nyoka hukatwa kichwa,” huku anabamiza sita-sita mpaka gahawa za watu zinamwagika. Nilimkumbusha Godane. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa Al-Shabaab walipojitapa kwamba wao ndio walioshambulia Mpeketoni, Juni 2014. Septemba mosi Wamarekani wakamuua huko Somalia, na hapa kwetu wengi tulimshukuru Mungu, mimi nikiwamo. Haikupita wiki, mwingine ametajwa. Aprili 2015 wakaingia chuo cha Garissa, wakaua 148, rika lako hasa. Na alfajiri ya 5 Januari 2020, wewe ukifunga sanduku kurudi shule, wakaishambulia kambi ya Manda Bay, hapa ng’ambo tu, Wamarekani watatu wakafa. Mzee akaniambia basi wakatwe vichwa vyote. Tukaendelea na mchezo.

Atakayekuokoa wewe ukumbini ni Savimbi, kwa hiyo mweke mwisho. Angola ilipigana miaka 27. Tarehe 22 Februari 2002 jeshi la serikali likamuua Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, huko Moxico, na tarehe 4 Aprili mkataba ukasainiwa Luanda, vita vikafa. Wiki sita! Hakuna mfano bora kwa upande wako, na ukiusema taratibu watanyamaza. Lakini kama msemaji wao amesoma, atasimama akuulize nani aliyesaini kwa upande wa UNITA. Ni Jenerali Kamorteiro, mkuu wa majeshi ya Savimbi. Serikali ilimwacha hai, ikaketi naye, na wapiganaji wake walikuwa na njaa na bado walimtii. Watasema vita vilizimwa na huyo aliyeachwa. Jibu la hapo lazima uwe nalo kabla hujapanda jukwaani, kwa sababu mimi nimelitafuta na sijaliona.

Wasalaam,
Babako