Naomba Umshikie Hamisi Mshahara Wake

Mbeya

Ndugu yangu Salehe,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji Mwanaidi na watoto hamjambo, na kwamba mguu wa Bi Mkubwa umepata nafuu. Sisi huku tu wazima, baridi imetubana lakini tunashukuru. Hatujaandikiana tangu msiba wa Mzee Kombo, na salamu ningezirefusha kama si jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenijibu hapo hapo kwa huruma, nami nataka ulifikirie kwanza.

Jambo lenyewe ni mdogo wangu Hamisi na kamari. Jumapili iliyopita alinipigia usiku akaniambia, "Kaka, siwezi kuacha peke yangu, nisaidieni." Wewe unamjua tangu utoto wake kwamba hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, kwa hiyo utaelewa uzito wa maneno hayo. Nilipomwuliza ni nani angekuwa radhi kumkabidhi fedha zake azisimamie, hakunitaja mimi wala mkewe. Alikutaja wewe.

Nitangulize hili lisikusumbue unaposoma: sikuombi fedha, tena naomba usimpe fedha zako.

Alianza na mikeka ya mpira, yaani kubashiri mechi kadhaa kwa dau moja, kama vijana wengi wa hapo mtaani kwenu, na kwa muda mrefu hatukuona ubaya, kwa kuwa mkeka una subira yake: mechi haiishi mpaka dakika 90. Kilichomzamisha ni hiki kindege cha kwenye simu. Kinapaa huku namba ikipanda, 1.20, 1.75, 2.60, na mchezaji anatakiwa abonyeze kutoa fedha zake kabla hakijatoweka. Kikitoweka dau limekwenda, na sekunde chache baadaye kingine kinaanza kupaa. Mkewe, Mama Rehema, anasema aliwahi kuamka saa tisa usiku akamkuta sebuleni, madaftari ya kidato cha pili yako wazi mezani, kalamu nyekundu bado imo mkononi, na pembeni daftari la miraba ambalo ameandika namba za kila mruko, safu baada ya safu, akitafuta mpangilio.

Mjomba Athumani alimwuliza mbele ya watu imekuwaje mwalimu wa hesabu ashindwe kuona anakopotelea. Swali hilo lilimwumiza sana, na mimi liliniudhi, kwa sababu hesabu Hamisi anaijua kuliko sisi sote. Ni yeye aliyenionyesha kwenye karatasi kwamba mkeka wa mechi 10, hata kama kila mechi ina uwezekano wa asilimia 70, uwezekano wa kutiki wote haufiki asilimia 3. Ni yeye aliyekuwa akiwasimulia wanafunzi wa kidato cha nne kisa cha Monte Carlo mwaka 1913, pale mpira wa kamari ulipoangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakafilisika kwa kuwekea nyekundu, wakiamini kwamba sasa ni zamu yake. Kindege nacho hakikumbuki mruko uliopita. Hayo yote anayajua mchana, na usiku anaandika safu nyingine.

Salehe, huu ni ugonjwa, na ningependa uuone hivyo kabla hujakutana naye. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeuweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ushindi unaokuja bila ratiba humkamata mtu kuliko ule unaokuja kwa mpango, na mkeka uliochanwa na timu moja tu humsukuma kucheza tena karibu sawa na mkeka uliotiki, kwa kuwa moyo unauhesabu kama ushindi ulioponyoka. Mjomba anasema atubu, kwamba Surat al-Maida aya ya 90 imekwisha kusema yote. Sina neno juu ya aya hiyo, na Hamisi hana. Ametubu, tena kwa machozi, na naamini toba yake ilikuwa ya kweli; lakini kila alipotoka msikitini alirudi nyumbani na simu ile ile mfukoni, yenye mshahara ndani yake.

Ndiyo maana narudia habari ya fedha. Ukoo ulikwisha kuchanga. Tulilipa kausha damu wote tuliowajua, hao wakopeshaji wa riba kubwa, tukalipa na ile programu ya mikopo iliyokuwa ikiwapigia walimu wenzake na mkuu wa shule kumtangazia deni. (Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni Novemba 2024, lakini aliyekwisha kukopa amekwisha kukopa.) Madeni yalipoisha, mlango wa kukopa ulifunguka upya, na mkopo wa safari hii ulikuwa mkubwa zaidi. Halafu likaja la kikoba. Michango ya akina mama hupitia kwenye simu ya Mama Rehema kabla haijaingia sandukuni, na namba ya siri mumewe alikuwa anaijua. Alirudisha fedha hizo kwa kuuza pikipiki, lakini Mama Rehema amejiuzulu uweka hazina na sokoni hapiti tena njia ya kwa Bi Asha.

Sasa ombi langu. Amekubali mfungue akaunti ya pamoja kati yako na yeye, ambayo haitoi shilingi bila saini zote mbili, mshahara uhamishiwe huko, na huduma ya benki kwenye simu yake ifutwe. Laini anayoitumia kubeti ataikabidhi kwako pamoja na simu yenyewe, naye atabaki na simu ya kitochi. Wewe utalipa kodi ya nyumba na ada ya Rehema moja kwa moja, na kila Ijumaa utampa fedha ya matumizi mkononi. Madeni yaliyobaki atayalipa mwenyewe kidogo kidogo, kwa orodha aliyoiandika kwa mkono wake na ambayo nitakutumia. Mama Rehema hawezi kazi hii, kwa sababu akiombwa saa nane za usiku na mume anayetetemeka atatoa, na amekwisha kubeba mengi. Mimi niko mbali, na kati ya ndugu fedha huwa matusi haraka.

La pili ni hospitali. Naomba umsindikize Bombo, kwenye kitengo cha afya ya akili, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Anaogopa kuonekana, maana watu wetu wakisikia daktari wa akili wanasema mtu amepelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Tiba iliyothibitika zaidi kwa ugonjwa huu ni ya mazungumzo, mgonjwa na mtaalamu wakichambua ni saa ngapi, na baada ya jambo gani, mkono unaikimbilia simu. Akiteleza katikati, na huenda akateleza, nakusihi usimfukuze. Niambie, tuanzie pale alipofikia.

Kuna neno jingine ambalo sikutaka kuliandika. Katika maongezi yetu alisema kwamba labda watoto wangepumzika kama yeye asingekuwepo. Nilimwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, akanyamaza, kisha akasema hapana, siyo sasa. "Siyo sasa" hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Nimemwambia Mama Rehema asimwache peke yake usiku, na nakuomba nawe umwulize bila kuzunguka, kwa maana kumwuliza mtu hakumpi wazo asilokuwa nalo. Akijibu vingine, mpeleke Bombo saa hiyo hiyo.

Je, utaweza kuubeba mzigo huu kwa mwaka mzima, maana chini ya hapo sioni kama inatosha? Shemeji Mwanaidi atakubali Hamisi awe anapita kwenu kila Ijumaa, na akija siku nyingine saa mbaya? Yule kijana wa Chumbageni aliyeacha mikeka, ambaye Mwalimu Rajabu alikuwa akimsifu, bado yuko Tanga, na angekubali kuongea naye? Na ukiona huwezi, utaniambia kweli bila kunionea haya?

Mshahara unaingia tarehe 23. Kwa kuwa taratibu za benki huchukua siku, ningeomba mwende mapema wiki ijayo. Ukikubali nipigie, nami nitampigia Hamisi akungojee Jumatatu saa nne, na barua yake ya kuhamisha mshahara ikiwa tayari mkononi.

Wako daima,
Shabani