Breki ya Mbele Inapodunda: Tunapima Kwanza, Ndipo Tunachonga

Wiki haipiti bila mtu kuingia karakanani kwetu Chang'ombe, Dar es Salaam, akiwa na diski ya pikipiki mkononi. Maneno yake huwa yaleyale: "Fundi, imepinda hii, nipitishie kwenye mashine." Ukimuuliza amejuaje, anakuambia mkono wa breki unamdunda vidoleni kila anapopunguza mwendo, na kwenye mteremko ndiyo inazidi. Dalili hiyo ni ya kweli kabisa. Tunachokitilia shaka ni ile hukumu ya kwamba diski imepinda, kwa sababu nyingi tunazoletewa kwa kesi hiyo zimenyooka.

Mteja wetu mmoja mwenye pikipiki kubwa ya cc 600 alikuwa ameshabadilisha pedi mara tatu na diski mara moja. Diski mpya ilitulia kwa muda, akaamini ameponya ugonjwa. Kisha akasafiri kwenda Mbeya, na wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa Kitonga, mdundo ukarudi mkali hadi akawa anaogopa kushika breki ya mbele. Tulimwomba atuletee gurudumu zima na ekseli yake, siyo diski peke yake. Tulipoifungua tukaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama: aliyepaka rimu rangi hakufunika pale diski inapokalia kitovu. Rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja na kubaki upande wa pili. Unene wake ulikuwa milimita 0.05, sawa na unywele.

Unywele unaweza kufanya nini? Piga hesabu. Kile kitovu kina upana wa milimita 80, na diski ina kipenyo cha milimita 300. Kilichoinuka 0.05 pale katikati kinafika karibu 0.19 ukingoni. Diski inayoyumba kiasi hicho inagusa pedi kila inapozunguka, hata kama hujashika breki, na inaguswa mahali palepale, kilomita baada ya kilomita, mpaka pale panakuwa pembamba kuliko kwingine. Hapo ndipo mdundo unapozaliwa: penye unene panasukuma nyuma pistoni, kile kipande kinachoisukuma pedi, mafuta ya breki yanarudi kuelekea kwenye masta, yaani pampu iliyo kwenye mkono wa breki, na vidole vyako vinapokea pigo. Diski haikuwa imepinda. Ilikuwa na unene usiolingana, na angenunua nyingine kumi, zote zingeharibika vilevile juu ya kitovu kile.

Ndiyo maana hatuwashi mashine kabla ya kupima. Gurudumu linafungwa kwenye ekseli yake, tunakagua beringi, tunaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha diski inayumba kiasi gani, ukingoni mwa diski na kuizungusha taratibu. Halafu tunapima unene kwa maikromita, kipimo cha unene mdogo sana, sehemu nane kuzunguka duara. Tofauti ya milimita 0.02 tu kati ya sehemu moja na nyingine inatosha kumfanya mwendeshaji mzoefu alalamike, na vernia ya plastiki haiwezi kuiona. Kwa diski za kuelea, zile ambazo pete ya chuma imeungwa na kitovu cha alumini kwa bobini, yaani vipini vifupi vya mviringo, tunakagua kila bobini kama inacheza. Bobini zipo kwa sababu ya joto: pete ya milimita 320 ikipata joto la nyuzi 300 zaidi inapanuka kama milimita moja nzima. Bobini zikiganda kwa uchafu, pete inakosa pa kupanukia, na hapo sasa inapinda kweli.

Ikithibitika kuwa diski inahitaji kusawazishwa, tunaisaga kwa jiwe, hatuikerezi kwa kisu. Diski ya pikipiki ni chuma kigumu kisichoshika kutu, chembamba, kimejaa matundu. Kisu cha kukerezea kinagonga ukingo wa kila tundu na kuisukuma diski pembeni, kwa hiyo kinaacha mawimbi. Lakini hata kusaga kuna mtego ambao fundi asiye mwangalifu hauoni. Chuma hiki kinashika sumaku, na meza ya mashine ya kusagia hubana kazi kwa sumaku. Diski iliyojikunja kidogo ikiwekwa juu yake inavutwa ikalala bapa, inasagwa vizuri, inang'aa, na ukizima sumaku inarudi kwenye mkunjo wake kama chemchemi. Sisi tunaweka karatasi nyembamba chini ya sehemu zilizonyanyuka ili sumaku isiivute, tunaondoa kidogo sana, tunageuza, tunaondoa tena, tunageuza. Ni kazi ya subira, na bei yetu inatokana hasa na muda huo.

Kuna mpaka ambao hatuuvuki. Kila diski halali imegongwa unene wake wa mwisho pembeni, kwa herufi MIN TH. Nyingi za pikipiki kubwa huanza milimita 5 na mwisho wake ni 4.5, kwenye pikipiki ndogo utakuta 4 na 3.5. Nusu milimita ndiyo mali yote uliyo nayo, pande zote mbili zikijumlishwa. Kama kusaga kutaishusha chini ya namba ile, tunakurudishia diski yako na kukushauri ununue nyingine. Wapo walioondoka wamekasirika, na tunawaelewa, kwani diski ni ghali. Ila chuma chembamba kinahifadhi joto kidogo, kinachemka haraka, kinapasuka kuanzia kwenye matundu, na anayelipia ni mtu aliye barabarani.

Kalipa, yaani vile vifaa vinavyobeba pistoni na pedi, nazo zina habari yake, hasa kwa sisi wa pwani. Ile sili ya pistoni, pete ya mpira inayoizunguka, haizuii mafuta tu. Ukishika breki inajikunja pamoja na pistoni, ukiachia inajikunjua na kuirudisha nyuma, chini ya nusu milimita. Hewa ya chumvi inakula alumini ndani ya mfereji wa sili na kuacha unga mweupe mgumu. Unga huo unaibana sili, sili inaibana pistoni, pistoni hairudi. Pedi inabaki inasugua, joto linapanda, na mafuta yaliyokwisha kunywa unyevu yanachemka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakilowa yanaweza kuchemka kwenye 155. Hapo mkono wa breki unaingia hadi kwenye mpini bila kukamata kitu. Wengi hubadilisha sili na kuuacha unga ule mahali pake. Sisi tunausafisha mfereji bila kuupanua, na pistoni iliyoliwa tunachonga mpya kwa chuma kisichoshika kutu, kwa kipimo cha kalipa yako, tukiing'arisha mpaka ukucha usikwame popote. Chuma hicho kinapitisha joto kidogo sana kuliko alumini, na hiyo ni faida: joto la pedi linachelewa kuyafikia mafuta.

Wenye pikipiki za kasi huja pia kwa ajili ya vipande vya kuunganishia kalipa kubwa au diski kubwa. Hapa kosa moja linajirudia mno. Mtu anatoka diski ya milimita 300 kwenda 320, anaagiza kipande cha milimita 20. Ni 10, kwa sababu kalipa inafuata nusu ya kipenyo. Tena usinunue kalipa kabla ya kupima umbali kati ya bolti zake: zile za kufungwa kwa nyuma huwa ama milimita 100 ama 108, na macho hayatakutofautishia. Bolti nazo lazima zirefuke kwa kiasi kilekile. Ndani ya alumini tunataka bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, iingie kwenye nyuzi za tundu lake angalau milimita 15. Vipande hivi tunavichonga kutoka kwenye bamba la alumini ya daraja la 7075 au 6061. Alumini ya kuyeyusha sufuria na vyuma chakavu hatuigusi kwa kazi ya breki, hata mteja akija nayo mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna vitundu visivyoonekana. Vilevile hatuchongi diski kutoka bati la chuma laini.

Ukija, leta gurudumu zima na ekseli, diski ikiwa bado imefungwa, na kalipa kama unaweza. Usiioshe kalipa kwa petroli, inavimbisha sili na kutupotezea ushahidi. Kupima tu hatutozi. Pikipiki za bodaboda tunazipima asubuhi kabla ya saa tatu, wakati dereva akisubiri, ili asikose hesabu ya siku.