Akikupigia "fundi wa Microsoft", kata simu

Julai, ofisi za safari hapa Arusha zikiwa zimezidiwa na wageni, dada mmoja aliingia dukani kwetu ameikumbatia kompyuta ya ofisi kama mtoto mwenye homa. Asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu na mwanaume mwenye Kiingereza cha upole, akajitambulisha kuwa fundi wa Microsoft. Akamwambia kompyuta yao inasambaza virusi, na wao kule wanaiona.

Alimwelekeza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike eventvwr. Ikafunguka orodha ndefu yenye alama nyekundu na za njano. "Unaziona?" Aliziona, moyo ukaanza kumwenda mbio.

Zile alama ni daftari tu. Windows huandika humo kila jambo dogo lililokwama: programu iliyochelewa kuwaka, printa iliyokosekana. Tulimfungulia daftari hilo kwenye kompyuta yetu ya kaunta, ambayo ni nzima kabisa. Nayo ilijaa nyekundu.

Kilichomfanya aamini kabisa ni namba. Jamaa alimsomea tarakimu na herufi nyingi zinazoanza na 888DCA60, akidai ndiyo namba ya utambulisho wa kompyuta hiyo. Akamwelekeza jinsi ya kuitafuta, na kweli ikatokea ileile kwenye kioo. Ingetokea hata kwenye kompyuta yako. Namba hiyo iko kwenye kila Windows, haitambulishi kompyuta ya mtu yeyote.

Baada ya hapo akamwambia apakue AnyDesk na amsomee tarakimu zilizojitokeza. AnyDesk ni programu halali, hata sisi tunaitumia kumsaidia mteja aliye Karatu bila kusafiri. Lakini ukimpa mtu tarakimu zile na kumkubalia aingie, umempa ufunguo wa ofisi. Kishale kikaanza kutembea chenyewe. Bosi alipoingia na kuuliza nani anakiendesha, jamaa alikuwa ameshataja dola 300 na anataka ukurasa wa benki ufunguliwe. Bosi akachomoa umeme wa rauta.

Tunaandika haya kwa sababu mji wetu ni windo rahisi. Namba za ofisi za safari ziko wazi kwenye tovuti, na simu ya kutoka nje haimshtui mtu, maana ndiyo riziki. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaufuta bila hata kuumaliza. Huyu anakuja na Kiingereza na adabu, nasi tumezoea kumsikiliza mgeni mpaka mwisho.

Na hasara haiishii kwenye hizo dola. Ndani ya kompyuta ya ofisi ya safari mna picha za pasipoti za wageni na barua pepe za malipo. Tapeli akiingia kwenye barua pepe yenu, anaweza kumwandikia mgeni kwa jina lenu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni atalipa, na hamtajua mpaka siku mtakapompokea uwanja wa ndege wa KIA.

Microsoft hawampigii mtu ambaye hakuwaomba msaada. Vilevile, ukurasa ukijaa kioo kizima, unapiga king'ora na kuonyesha namba ya simu, si wao: maonyo yao halisi hayana namba ya simu. Bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ukigoma, zima kompyuta, na ukiwasha usikubali kurudisha kurasa za awali.

Kama umeshamruhusu mtu kuingia, kata intaneti sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Pigia benki yako. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, ukianza na barua pepe, kisha iache ile kompyuta bila mtandao mpaka ikaguliwe. Kwa yule dada tulikuta programu ya pili ya kuingilia kwa mbali, iliyowekwa kimyakimya ili jamaa arudi usiku. Tapeli akitumia laini ya hapa nchini, ripoti namba yake kwa ujumbe kwenda 15040, na pesa ikiwa imeshatoka, nenda polisi na ushahidi wote.

Dada wa watu alilia pale kaunta, akiogopa kufukuzwa kazi. Wakubwa wa ofisi, tunawaomba msimkaripie anayekuja kusema. Akiogopa atanyamaza siku mbili, na siku mbili zinamtosha mwizi.

Sisi hatupigi simu kukuambia kompyuta yako ina virusi, na hatuulizi namba ya siri ya benki wala ya simu. Mtu akikupigia kwa jina letu, kata, kisha tupigie wewe kwa namba iliyo kwenye risiti yako. Kumuuliza fundi wetu kama simu uliyopokea ni ya kweli ni bure, hata kama kompyuta hukuinunua kwetu.