Mshale wa tairi la mbele usomwe, usikisiwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa pancha, hasa wanaoletewa pikipiki za zamani.

Ninayo BSA Bantam D1, pikipiki ya Birmingham, niliyoachiwa na marehemu baba. Magurudumu yake yote mawili huvaa tairi la saizi moja, 2.75-19, na tatizo huanzia hapo. Juzi nilipeleka gurudumu la mbele livishwe tairi jipya. Fundi, kijana mwenye mikono myepesi, aliangalia kashata za tairi la nyuma, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, akalifunga la mbele zifanane. Ubavuni palikuwa na mishale miwili, mmoja wa kufuatwa tairi likivishwa gurudumu la mbele na mwingine likivishwa la nyuma, imepeana migongo; kila mmoja huonyesha tairi lizungukie wapi. Nilipomwonyesha akasema, “Mzee, hayo mapambo ya kiwandani tu.”

Si mapambo. Mpira wa kashata huwa ni mkanda unaozungushiwa tairi, ncha zake zikakatwa mshazari, zikalaliana na kuunganishwa. Gurudumu la nyuma husukumwa na injini. La mbele kazi yake nzito ni breki. Kwa hiyo barabara huuvuta mpira wa nyuma upande mmoja, na wa mbele upande wa pili. Ukifuata mshale, nguvu hiyo hukikandamiza kiungo. Ukigeuza, kila breki inakichokonoa, kama upepo unavyoingia chini ya makuti yaliyoezekwa kinyume. Najua viungo vya matairi ya sasa ni imara kuliko vya zamani, lakini anayeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo hushika breki kona baada ya kona, na chini yake ni korongo. Kwa nini abahatishe?

Dawa yake ni chaki. Gurudumu likiwa bado kwenye pikipiki, chora kwenye ringi mshale wa kuelekea linakozungukia, kisha mshale wa tairi uelekee hukohuko. Likishalala chini huwezi tena kujua mbele ni wapi, na ndipo wengi wanapokosea. Tairi lisilo na mshale wowote, lifunge utakavyo.

Yule kijana alilifungua akalifunga upya, na hakutaka nimwongezee hata shilingi. Namshukuru. Ombi langu lililobaki ni kwa wauza vipuri: mshale mwonyesheni mteja palepale dukani, kabla hajalipa.

Mpenda pikipiki za zamani,
Muheza, Tanga