Kahawa ya luwak nimeionja

Ubud, Bali
Jumatano usiku

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na joto la huku ni kama la Tanga tu. Yule jamaa mliyembishia pale kijiweni hakuwa mwongo: kahawa inayotoka kwenye kinyesi cha mnyama ipo, na leo nimeinywa.

Najua utaanza na uhalali. Baraza la Ulamaa la Indonesia lilishatoa fatwa mwaka 2010: buni ikiwa bado imo ndani ya ganda lake gumu, na ukiipanda inaota, basi imeguswa na najisi tu, ikioshwa, inanyweka.

Mnyama mwenyewe ni luwak, jamaa wa fungo wetu. Usiku hupanda mibuni, akachagua matunda yaliyoiva barabara, akala ile nyama tamu, buni akaitoa nzima. Wenyeji husimulia kwamba enzi za Waholanzi wakulima walilimishwa kahawa na kukatazwa kuichuma kwa ajili yao wenyewe, ndipo wakaanza kuokota hiyo ya luwak chini ya miti. (Thailand wanawalisha tembo! Huko kilo moja inataka kilo 33 hivi za matunda, maana tembo hutafuna nyingi zikapotea.)

Shambani nilionyeshwa sinia la kinyesi kikavu. Wallahi, kashata za njugu! Punje zimeshikana vilevile, rangi ileile. Sijui kama nitaila tena kashata. Kikombe rupia 50,000, karibu shilingi 8,000 za kwetu. Ni laini, haina uchungu mwingi, inateleza. Nzuri, lakini elfu nane hapana.

Kilichonikata stimu nilikiona nikitafuta choo. Nyuma ya banda kuna vizimba vya waya. Luwak hulala mchana, lakini huyu niliyemkuta alikuwa anazunguka tu, kona hadi kona, manyoya ya mkia yamenyonyoka. Mbele yake beseni la matunda ya kahawa, mabichi na mabovu humo humo. Sasa niambie, Bakari: bei yote ile tunalipa kwa sababu mnyama anajua kuchagua. Huyu kachagua nini? Nilimuuliza kijana aliyenitembeza, akacheka, akanielekeza dukani. Hata Tony Wild, Mwingereza aliyeipeleka kwao kilo moja mwaka 1991, mwaka 2013 aligeuka akaanzisha kampeni ya kuipinga.

Sikununua. Nimekuchukulia nusu kilo ya kahawa ya kawaida ya Kintamani, milimani huku, ambako mibuni huoteshwa pamoja na michungwa. Jumapili jioni nitakuwa kijiweni. Mwambie mzee asafishe dele, na tangawizi asitie mpaka tuionje tupu.

Ni mimi nduguyo,
Salim